Swali la Nne

Miaka ishirini na sita nilifundisha kisa kimoja,
Ngamiani, darasa lenye dirisha la upande wa jikoni,
ndiyo maana kinaya chetu kilinukia maharage.

Kisa cha Bwana Kadiri, mkaguzi wa vipimo,
aliyewanyang'anya mafundi futi zao fupi,
akawatoza faini, akawasomea na hadithi za Mtume,
na futi moja, nzuri, ya mpingo,
akaisahau nyumbani kwake, nyuma ya mlango.
Alipokufa, wachimba kaburi wakaja kuazima kipimo.
Mjane akawapa kilichokuwa karibu.
Maiti akakunjwa magoti.

Darasa hucheka hapo. Nami nikingoja wacheke,
kisha naandika ubaoni kwa herufi kubwa:
KINAYA NI KUSEMA KINYUME CHA UNACHOKUSUDIA.
Mwongozo ulisema hivyo.
Mwongozo ulitoka juu.

Mwaka mmoja Mwanamkasi, binti wa fundi baiskeli
wa Barabara ya Kumi na Tatu, akajibu swali la nne:
"Hapa hakuna aliyesema neno, mwalimu.
Mjane hakujua. Wachimbaji hawakujua.
Futi ndiyo iliyosema, na tuliosikia ni sisi tu."
Nikampa sifuri.
Nikaipitishia kalamu mara mbili, iwe mviringo kweli.

Nikastaafu. Kiinua mgongo kikazaa kibanda
pale Mgandini: mchele, sukari, kunde,
na mizani ya mshale, ya kijani, ya mtumba.
Nikapata wateja! Foleni mpaka kwa Shekiondo muuza nazi.
Wenzangu wanapiga miayo, mimi nafunga mifuko.
Nikajiambia: ni lugha hii.
Watu wa Tanga hununua kauli kwanza, sukari baadaye.
Nikaanza kuwatilia methali, kama nyongeza.
Wakiitikia "Kweli, mwalimu, kweli,"
macho yao kwenye mshale.

Jumanne akaja afisa vipimo na kisanduku cha mawe ya shaba.
"Shikamoo, mwalimu."
Sauti niliijua kabla ya uso.
Foleni ikayeyuka: huyu kasahau pochi,
yule kaacha sufuria motoni.
Akaweka jiwe la kilo moja.
Mshale ukatembea, ukatembea,
ukachoka gramu themanini kabla ya kufika.

"Nawapunja?" Jasho lilinitoka hadi kwenye miwani.
"Unajipunja. Unawaongezea. Tangu lini?"
Tangu siku ya kwanza. Miaka mitatu.
Nikamgeukia Shekiondo. Alikuwa ameishika nazi moja,
anaikagua kwa makini ya daktari.
Kumbe soko zima lilikwisha kusoma,
hadi mtoto wa kutumwa chumvi aliujua ukurasa wa mwisho,
na mimi peke yangu nilikuwa ndani ya kitabu.

Mwanamkasi hakucheka. Alikaza skrubu,
akajaribu tena, akabandika stika.
"Hakuna aliyesema neno," alisema,
macho kwenye risiti. "Ada yake elfu kumi, mwalimu."

Mshale sasa ni mkweli.
Foleni imehamia kwa Mpemba wa kona,
ambaye hajui methali hata moja.
Nina nafasi ya kusoma. Jana usiku
nilimrudia Bwana Kadiri, na nilipofika kwenye magoti
sikucheka. Niliinuka,
nikatazama nyuma ya mlango wangu.
Palikuwa na ufagio. Lakini nilitazama.

Swali la nne, alama tano.
Daftari lile bila shaka lilikwisha kufungia vitumbua zamani,
kwa hiyo nimeiandika tano kwenye karatasi ya kunde,
wino mwekundu, mviringo haupo.
Nilitaka kumpelekea pamoja na kunde zenyewe,
kilo moja na gramu themanini,
ila yeye ni afisa, nami ni mfanyabiashara,
na hapa mjini hiyo ina jina lake.